Namna ya Kuhesabu Nyumbu wa Mtandaoni Ukiwa Mugumu

Umeambiwa tovuti fulani ina watu wengi kuliko nyingine, nawe unataka uhakika. Usiwashe kompyuta bado. Panda bodaboda, toka Mugumu mjini, shika njia ya Ikoma mpaka uwaone nyumbu, kisha jaribu kuwahesabu. Ukifika mia mbili, wa kwanza wameshahama. Nusu ya somo ndiyo hiyo.

Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu nyumbu wa Serengeti kutoka kwenye ndege ndogo yenye milia ya pundamilia, wakapata karibu laki moja. Sotoka ilipodhibitiwa nyumbu waliongezeka sana, na kwa miaka mingi tumezoea kusikia milioni 1.3, hesabu inayotokana na kupiga picha vipande vya mbuga kutoka angani na kukadiria palipobaki. Mwaka 2025 watafiti waliotumia picha za setilaiti walitoa idadi isiyofika 600,000. Si lazima iwe na maana kwamba nusu ya kundi imekufa. Aliyehesabu safari hii alitumia jicho jingine.

Tovuti nazo huhesabiwa hivyohivyo. Alexa, iliyoanzishwa mwaka 1996 na kununuliwa na Amazon mwaka 1999, ilizipanga tovuti za dunia nzima kwa namba kulingana na mahudhurio mpaka ilipofungwa Mei 2022. Kwa muda mrefu namba zake zilitegemea watu waliokuwa wameweka kiprogramu chake kwenye kompyuta. Hapa kwetu, ambako mtandao maana yake ni simu na kifurushi, ni nani aliyekuwa nacho? Mugumu ilikuwa nyumbu aliye chini ya mgunga: rubani amepita, hakumwona. Similarweb ya leo inakusanya kutoka sehemu nyingi zaidi, lakini nayo inakadiria.

Kwa zoezi la vitendo, subiri siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Simama nje ya duka la stesheneri. Utaona simu moja yenye kioo kilichopasuka na vichwa kumi juu yake. Kidole kinashuka taratibu kwenye orodha ya shule, mwenye simu anasoma namba ya mtihani, mmoja anaruka, mwingine anaondoka kimya. Kisha ukurasa unapigwa picha, unatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi aliyeko Tarime anaupata. Kwenye mizani ya tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, watu wote hao ni mgeni mmoja.

Ukilinganisha, linganisha kwa jicho lilelile na kwa muda uleule, tena mrefu. NECTA hufurika siku chache kwa mwaka. Gazeti husomwa kila asubuhi. Uliza pia kama mlango ulikuwa wazi. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliufungia mtandao wa JamiiForums kwa siku 90. Anayeupima kwa Oktoba ya mwaka huo anapima kufuli. Ukitumia Google Trends, weka majina ya tovuti zote mbili kwa pamoja, chagua Tanzania, na ujue kwamba 100 pale ni kilele tu cha utafutaji. Si watu mia wala asilimia mia.

Nimeshikilia sana jambo hili kwa sababu kuna fedha ndani yake. Mwenye nyumba ya wageni anajibana, analipia tangazo kwa kuwa ameonyeshwa "matembezi laki moja kwa mwezi". Ukionyeshwa namba kama hiyo, uliza imetoka kwenye chombo gani, wangapi kati yao wako Tanzania, na wangapi walikaa zaidi ya sekunde kumi. Muuzaji mkweli atajibu bila kukasirika.

Halafu, kama nyumba ya wageni ni yako, nunua daftari la kaunta. Chora safu tatu: tarehe, mgeni katoka wapi, katupataje. Liweke mapokezi na kalamu iliyofungwa kamba, na uanze leo, kabla wageni wa jioni hawajafika.