Mbuzi ya Mama Imo Kwenye Mkataba

Mjomba, shikamoo.

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, Mama, Shangazi na wote wanaokaa hapo barazani Ngamiani, Tanga, tangu alasiri mpaka birika la kahawa linapokauka. Sisi wazima. Nakuandikia wewe na si Mama kwa sababu mbili. Kwanza wewe ni dalali wa miaka mingi na habari zenyewe ni za udalali. Pili, humu kuna sehemu inayomhusu, na nikimwandikia yeye atanipigia simu kabla hajamaliza ukurasa. Msomee, ila ukifika kwenye mbuzi, kohoa kidogo kisha ruka.

Nyumba tumeiuza. Najua habari za kuuza zilishafika, maana mwezi wa nne niliwatumia picha ya kibao kilichochomekwa kwenye nyasi mbele ya nyumba yetu hapa Brooklyn Park, Minnesota, na kabla ya adhuhuri Mama alikuwa ameshalia mara mbili. Akaniuliza ni nani aliyetuchomekea. Yeye ajuavyo, nyumba ikiandikwa kitu kwa nje basi ni X nyekundu ya watu wa barabara, au ni NYUMBA HII HAIUZWI iliyopakwa rangi usiku na ndugu wa marehemu. Nikamwambia, Mama, hiki kibao nimekiweka mwenyewe kwa hiari yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi na wewe kachukue rangi uandike haiuzwi."

Kazi yangu unaijua. Natengeneza mashine za hospitali, zile kubwa za duara anazosukumwa mgonjwa ndani akapigwa picha za mwilini. Zikigoma, natumwa. Jumatatu alfajiri naondoka, Alhamisi usiku narudi, Mungu akipenda na theluji ikiridhia. Fargo, Bismarck, Sioux Falls, Rapid City. Fargo peke yake ni kilomita 380 hivi, Tanga hadi Dar na zaidi. Sasa kampuni imeamua kituo changu kiwe Texas. Kwa hiyo nyumba ilibidi iuzwe, na mwenye kuiuza hayupo, na aliyepo, mkwe wenu, ni nesi wa zamu ya usiku anayelala mchana. Na mchana ndio wanunuzi wanakuja.

Dalali tuliyempata ana leseni ya jimbo, ana viatu visivyopiga kelele, na hakutaka hela ya kuonyesha nyumba. Hakutaka hata senti moja, ndiyo maana nikaingiwa na wasiwasi. Kumbe yeye hula mwishoni, kwa asilimia. Kwa miaka mingi huku muuzaji alikuwa akikatwa asilimia 5 au 6 ya bei, wakagawana dalali wake na dalali wa mnunuzi. Tangu Agosti 2024 kanuni zimebadilika: mnunuzi anasaini kwanza makubaliano na dalali wake ndipo azungushwe kwenye nyumba za watu, na malipo ya huyo dalali hayatangazwi tena kwenye orodha yao ya nyumba, yanajadiliwa. Nikafurahi. Nikajadili kiume. Nikaishia kuwalipa wote wawili. Yaani nimemlipa mtu aingie kwangu na kuniambia zulia limechakaa. Mjomba, wewe na mwezi mmoja wako wa kodi ni malaika, na yale maneno niliyokusemea mwaka ule naomba uyasamehe.

Kazi ya kwanza ya dalali ilikuwa kutufuta. Akapita chumba baada ya chumba akinyoosha kidole. Picha za harusi, zitoke. Ayatul Kursi ya ukutani, itoke. Kanga juu ya kochi, gunia la mchele, mkeka, viatu tisini mlangoni (nimezidisha, ni arobaini), vyote vitoke. Ati mnunuzi anatakiwa ajione yeye ndani ya nyumba, asituone sisi. Samaki marufuku. Kukaanga vitunguu marufuku. Badala yake akatuletea mshumaa unaonukia keki. Watoto wakawa wanarudi shule wanaingia jikoni mbio wakitafuta keki, hakuna keki, kuna mkate na siagi, na usile juu ya meza, makombo.

Akaja na mpambaji. Huyo alituletea mito. Kitandani kwangu kulikuwa na mito kumi na mmoja, yote myeupe, kila mmoja na mahali pake, na picha ya mpangilio imebandikwa ndani ya kabati ili tusikosee. Vitu vyetu vilikwenda stoo ya kukodi. Katika mali zetu zote alipenda kimoja tu. Mbuzi.

(Kohoa hapa.)

Ile mbuzi ya mninga, Mjomba, aliyonipa Mama siku naondoka, iliyonifanya nifunguliwe sanduku na afisa wa uwanja wa ndege akauliza hili jino la chuma ni la nini. Mpambaji akaizunguka mara mbili, akaigusa kwa kidole, akaibeba hadi sebuleni na kuiweka chini ya taa, pembeni yake chungu cha majani makavu. Mbuzi iliyokuna nazi za futari zote tangu tuoane ikawa sanaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Natoka hotelini Bismarck: kitanda cheupe, mito mingi, picha ya ziwa ukutani, hakuna harufu ya mtu. Nasafiri nusu ya siku, nafika kwangu: kitanda cheupe, mito mingi, picha ya ziwa ukutani. Usiku mmoja nimeamka kwenda msalani, nikakata kulia kama nilivyozoea hotelini, nikaingia kabatini kwenye mashati. Mke wangu anaapa kwamba asubuhi yake nilimuuliza chai inaandaliwa mpaka saa ngapi. Sikumbuki, lakini sikatai.

Sasa sikia wanavyoonyesha nyumba. Mlangoni kunaning'inizwa kisanduku chenye ufunguo ndani. Dalali mwenye leseni anakifungua kwa simu yake, nacho kinaandika nani kaingia na saa ngapi. Ombi linakuja kwenye simu yangu: fulani anataka kuingia saa fulani, kubali au kataa. Mimi wakati huo niko chali chini ya mashine, bisibisi mdomoni, Sioux Falls. Nakubali. Nampigia mke wangu, amka, wanakuja. Anakusanya watoto kama ni likizo, anapanga mito kumi na mmoja kwa kufuata picha, anawasha mshumaa, anakwenda kulala ndani ya gari mbele ya maktaba mpaka watoke. Mara tatu kwa siku moja, wiki ya kwanza.

Mimi nawatazama kwa kamera ya mlangoni. Dalali alinionya nizime sauti. Kusikiliza mazungumzo ya watu kwa siri si heshima, na sheria inaweza kunigeukia. Basi nikawa naona sinema bubu. Mtu anasimama, anatazama dari, anatikisa kichwa, anaondoka. Wiki nzima nilikaa na kichwa kile. Dari ina nini?

Halafu ikaja siku ya saa tatu.

Nilikuwa Rapid City, ambako saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ombi likaja la asubuhi. Nikapiga hesabu, nikajumlisha, nikajipongeza, nikamwandikia mke wangu: "Wanakuja saa tatu." Saa tatu yetu, Mjomba, jua limepanda, watu wanakunywa chai. Yeye ametoka zamu alfajiri, usiku kucha anaandika saa za Kizungu kwenye mafaili ya wagonjwa, akasoma tatu ya Kizungu, saa tisa alasiri. Akapeleka watoto shule, akajirusha juu ya mito, akajifunika kanga gubigubi.

Saa tatu kamili wakaingia, mume, mke na dalali wao. Walianza jikoni, wakasifu harufu ya keki. Wakapanda juu. Yule mama akafungua mlango wa chumba chetu, akaona kitanda, akaona kilicho juu ya kitanda kimelala kimefunikwa kitambaa hadi kichwani, akapiga ukelele. Na mkwe wenu, ambaye ni wa kitengo cha dharura, akisikia ukelele haamki kama mimi na wewe. Aliruka akiwa amesimama tayari, akamshika yule mama mkono kwenye mshipa, akamuuliza unaumwa wapi.

Kwa sheria ya madalali, pale biashara imekufa. Mwenye nyumba haonekani kamwe. Hiyo ndiyo aya ya kwanza ya dini yao. Lakini mtu ukishamtisha kiasi kile ndani ya nyumba yako utamwachaje aende bila kitu? Akawashusha chini, akabandika chai ya tangawizi. Yule mama, mikono bado inamtetemeka, akauliza kile kinyago chini ya taa kinatoka wapi. Mkwe wenu akasema si kinyago. Akatoa nazi iliyofichwa nyuma ya friji, akaivunja, akakaa juu ya mbuzi palepale sebuleni na kukuna, nazi nyeupe inaanguka juu ya zulia la mpambaji. Yule mama akaomba ajaribu. Mimi kwenye kamera niliona watu wameingia na hawatoki. Dakika ishirini, arobaini, saa na robo. Nilitaka kuwapigia simu polisi.

Jioni wakaleta ofa. Dola 341,000. Mjomba, tafadhali, usiipige kwa shilingi mbele ya watu. Mkopo wetu ni wa miaka 30, na tumelipa 10, na miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya unacholipa ni riba, deni lenyewe linashuka kwa mwendo wa kinyonga. Benki inachukua lake kwanza, halafu madalali wawili, halafu stoo ya mito. Kinachobaki kwa bei za huko tuendako ni mlango wa mbele na nusu ya bafu. Wasije wakaanza kuniletea michango ya harusi.

Wakatoa kishika uchumba, kikawekwa kwa mtu wa tatu, na mkaguzi akaja. Akaacha kifaa chumba cha chini ya ardhi kwa saa 48, madirisha yamefungwa, kupima gesi iitwayo radoni. Inatoka ardhini yenyewe, haina rangi wala harufu, inatokana na madini ya urani yanayochakaa polepole udongoni, na ukiivuta miaka mingi inaleta saratani ya mapafu. Nyumba 2 katika kila 5 za jimbo hili zimezidi kiasi. Kikomo ni pikokuri 4 kwa lita. Yetu ilisoma 6. Kumbe tuliponunua tulipewa karatasi ya onyo, maana sheria hapa inataka hivyo tangu 2014, nasi tukaisaini bila kusoma. Dawa yake ni bomba na feni ya kuinyonya chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa, dola 1,700, nimelipa mimi. Mama aliposikia kuna kitu kisichoonekana kinatoka chini ya nyumba usiku alisema alijua zamani, na tufukize ubani.

Mkataba ulinikuta langoni uwanja wa ndege, wanaita abiria kwa makundi. Huku nyumba ya ndoa haiuzwi bila saini za wote wawili, sawasawa na Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, kwa hiyo mke wangu alishasaini baada ya zamu, jicho moja limefumba. Nami nikasaini kwa kidole kwenye simu, mara thelathini na kitu, mkoba begani, bila kusoma. Karatasi za mwisho nilizisaini Fargo, kwenye ukumbi wa hoteli, mbele ya mthibitishaji aliyekuja na muhuri wake mfukoni.

Siku ya kufungasha nikaichukua mbuzi. Dalali akasema hiyo inabaki. Akanionyesha ukurasa wa vitu vinavyouzwa pamoja na nyumba: jiko, friji, mashine ya kuosha vyombo, mapazia, na kigoda cha Kiafrika cha kukunia nazi kilichopo sebuleni. Saini yangu hapo chini. Saini ya mkwe wenu pembeni yake. Nikawapa televisheni badala yake. Wakakataa. Nikaongeza mashine ya kukatia nyasi. Yule mama akasema kwa upole kwamba bila mbuzi wasingenunua.

Sasa Mjomba, Mama anakuja Texas mwezi wa kumi na mbili, na unajua atakachokwenda kukitazama kabla hajavua viatu. Zunguka soko la Mgandini, ukikosa nenda Pangani. Iwe ya mninga, iliyokwisha tumika, kona moja imeungua na jiko, mguu wa kushoto mfupi kidogo. Ukipata mpya, mpe Shangazi aisugue kwa mchanga na kuikunia nazi mwezi mzima. Mwambie atakayeileta huku aiweke kwenye mzigo wa kupakiwa, asiibebe mkononi, jino lile litamkwamisha kwenye ukaguzi. Hela nimetuma kwenye simu yako, na udalali wako umo, mwezi mmoja kamili.

Na kama ulisahau kukohoa, nijulishe kabla Mama hajapiga.

Mpwa wako,
Brooklyn Park, kwa wiki mbili za mwisho.