Sifa za Doa la Embe

Doa la embe halijapata wa kulisifu, na kazi limefanya. Huko Buluo, kama mji wote wa Likasi na Kongo nzima, mtoto huenda shuleni amevaa shati jeupe juu na bluu chini. Shule hufunguliwa Septemba, mvua hufuata, na kabla ya Krismasi maembe yameiva. Aliyewachagulia rangi nyeupe watoto wa nchi ya udongo mwekundu hakuwa na zamu ya kufua.

Mama ameamka alfajiri, amelipiga shati pasi ya makaa mpaka kola imesimama. Mchana mtoto anarudi, kola imelala, kifuani kuna mchirizi wa manjano ulioshuka hadi kifungo cha tatu, na ubavuni kijialama cheusi.

"Nani amekuchafua?"

"Ni maembe, mama."

Hapo somo linaanza, na mwanafunzi ni mama. Ule umanjano ni karotini, inayoyeyuka kwenye mafuta zaidi kuliko kwenye maji. Mtu atasugua mpaka viganja viwake, lakini ni jua la kambani litakaloufifisha. Kile cheusi ni utomvu wa kikonyo, nacho kikishakaa kimekaa. Doa la kwanza litaondoka lenyewe, la pili haliondoki. Katika yote mawili, jasho la mama halikuhitajika sana. Mwalimu gani mwingine anafundisha hivyo bila ada?

Likasi ina sababu ya kuliheshimu doa kuliko miji mingine. Mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville, hadi 1966, Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, haikuridhika na kuchimba shaba. Ilipima uzito wa watoto wa wafanyakazi katika kliniki zake, na mama zao ikawafundisha kushona na kunyoosha nguo katika vituo vyake. Kampuni ilikuwa baba. Mwaka 2001 mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alitoa kitabu ambacho jina lake linawataja Bana Shaba, yaani wana wa Shaba, walioachwa na baba yao, maana Gécamines, iliyorithi nyumba hiyo, ilikuwa imeanguka. Baba aliondoka, ukaguzi ukabaki vichwani mwa wazazi. Siku hizi mkaguzi ni jirani wa mlangoni, au mama mkwe aliyekuja "kusalimia tu". Doa ndilo pekee lisilomwogopa.

Kwa mama anayeogopa ukaguzi huo ipo faraja. Mwaka 1953 daktari wa watoto wa Uingereza, D. W. Winnicott, aliandika kuhusu mama anayetosha: huanza kwa kumtimizia mtoto karibu kila haja, kisha hupunguza kidogo kidogo kadiri mtoto anavyoweza kuvumilia, na kupungukiwa huko ndiko kunakomkuza. Aliyafikia hayo kwa miaka mingi ya kutibu watoto London, mji usio na miembe, maskini.

Ila sifa hizi zisivuke mpaka. Vumbi la migodi si ndugu wa embe: utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishiriki, ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watoto wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliochimbwa hadi chini ya nyumba. Hilo halina jua la kulififisha.

Basi mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya bukari, yaani ugali. Shati lisuuzwe, lianikwe na doa lake, na mama akae chini ale embe lake.