Likizo ya Kazi Majuu, Ukianzia Waithaka

Australia ina visa inayomruhusu kijana wa Ujerumani kutalii mwaka mzima, na akiishiwa hela achume matunda alipwe, kisha arudi ufuoni kuota jua. Akimaliza siku 88 za kazi ya shambani, anaweza kuomba mwaka wa pili. Nchi zinazokubaliwa zina orodha yake na Kenya haimo. Wewe wa Waithaka, uliyempalilia shosho mahindi tangu utotoni bila malipo wala visa, usikate tamaa. Likizo yako ipo, ila inakuja kabla ya safari.

Panda matatu ya Naivasha Road alfajiri. Kivutio cha kwanza ni Nyayo House, ambako miaka ya 1980 watu waliteremshwa vyumba vya chini ya ardhi wakateswa. Wewe unaingia kwa hiari kutafuta pasipoti, tena unalipa. Ukitoka, nenda Huduma Centre ya GPO wakupake wino vidole vyote kumi kwa ajili ya cheti cha tabia njema. Usiharakishe kunawa. Jioni mpe makanga nauli kwa mkono huohuo, ajue amebeba mtu wa majuu.

Ukipendelea Ujerumani, iliyotia saini makubaliano ya wafanyakazi na Kenya Septemba 2024, pitia Goethe-Institut, Maendeleo House. Huko utafundishwa kwamba meza ni mwanamume, taa ni mwanamke, na kitabu hakijaamua.

Haya yote yakikuchosha, kuna ajenti. Sheria inamtaka awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na walio nayo wanatajwa kwenye tovuti yake. Usichungulie, utamvunjia heshima mtu aliyevaa tai joto lote hili. Ofisi yake ni rahisi kuitambua: meza moja, bendera ya Canada, kalenda ya mwaka juzi, na kitabu cha risiti "kimeisha jana". Akisema zimebaki nafasi mbili, usimuulize mbona zilikuwa mbili hata Krismasi. Tuma pesa kwa nambari yake binafsi, maana ya ofisi "ina shida ya mtandao".

Pesa zenyewe ni za harambee, kwa hiyo fungua kikundi cha WhatsApp na umfanye binamu asiyependa maswali awe mweka hazina. Kisha jiandae kwa swali la dukani, kila ukienda kununua maziwa: "Kumbe bado uko?" Jibu kwa utulivu kwamba unangoja visa tu. Mambo ya kuiomba hayamhusu mwenye duka.