Mkojo wa Buibui

Mvua zikishika na majaruba ya mpunga yakajaa maji, kuwasha taa usiku hapa Malampaka ni kualika wadudu wote wa Maswa. Wengi hupiga kelele tu. Yuko mmoja mwembamba, mwekundu kwa mweusi kama mchezaji aliyevaa jezi, urefu wake hata sentimita moja ni taabu. Huyo alinipitia shingoni nikiwa nusu usingizini. Nikamfuta kwa kiganja, nikaendelea kukoroma.

Kesho yake jioni shingo ilikuwa na mchirizi unaowaka moto, umepambwa kwa malengelenge. Ukiwa na kidonda cha mahali pa wazi, Malampaka hutafuti daktari, madaktari wanakufuata. Kijana wa bodaboda alisema ni mkanda wa jeshi. Muuza mchele wa karibu na stesheni alisema hilo ni busu, akataka kujua la nani. Mama mwenye nyumba alinigeuza kidevu huku na huku, akatoa hukumu: "Mkojo wa buibui, baba." Hakuna aliyekata rufaa. Ufagio ukapita darini, koo nzima za buibui zikapoteza makazi.

Mtaalamu wa zahanati alicheka. Alinionyesha picha ya nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli ni mbawakawa, na ambaye mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimpa umaarufu mkubwa Kenya. Haumi wala hachomi. Sumu imo mwilini mwake, na ukimponda unajipaka mwenyewe. Mpulize aende zake, kisha nawa kwa sabuni. Ngozi huanza kulalamika baada ya saa 12 hadi 48, mshitakiwa keshasahaulika. Na shambani mwizi huyu wa usingizi ni askari: anakula wadudu waharibifu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba sumu hiyo, pederini, haipiki yeye. Inapikwa na bakteria waliopanga ndani ya jike, naye huwarithisha watoto kupitia mayai. Watafiti waliowapima waligundua kwamba inawafukuza maadui wa watoto hao. Maadui gani? Buibui!

Nikaenda mbio kuwatetea marehemu. Mama alinisikiliza hadi mwisho, huku akipeta mchele.

"Kwa hiyo buibui anamwogopa huyo mdudu?"

"Anamwogopa sana, mama."

"Basi ndipo alipojikojolea."