Beseni la Mjimwema

Mtoto wa miezi minane hamiliki kitu hapa duniani, lakini mpeleke ufukweni uone mizigo yake. Jumapili ile tulivuka na pantoni kwenda Kigamboni na mfuko wa nepi, mfuko wa nguo za kubadilisha, mfuko wa kubadilisha zile zitakazokuwa zimebadilishwa, chupa ya uji, mwavuli, kigari, kanga kadhaa na beseni la bluu. Mzee aliyesimama karibu yetu alilitazama lile beseni, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Mmepata nyumba ng'ambo?"

Beseni lilikuwa hoja ya mama mdogo. Yeye kazaliwa Tanga, kakulia Tanga, na kwake mtu aliyekulia mbali na maji ya chumvi, bahari kaisoma tu darasani. Hayo huyasema akimwangalia mume wangu, mtoto wa Dodoma, ambako maji hukaa pale ulipoyaweka.

Saa ya kwenda tulipangiwa na kliniki. Muuguzi alishatuambia zamani kwamba jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni si la mtoto, na kwamba kabla ya miezi sita hata mafuta ya kukinga jua hapakwi, ni kivuli na nguo nyepesi tu. Akishavuka miezi hiyo unampaka palipo wazi, na kivuli unaendelea nacho vilevile. Jirani yetu aliposikia alicheka: "Hayo ya Wazungu. Ngozi yetu haiungui." Inaungua, ila haijitangazi. Na hata isingeungua, mtoto hupandwa na joto upesi kuliko sisi, wala hana mdomo wa kusema ana kiu. Utamwona tu kalegea, na hapo umeshachelewa. Basi tukafika Mjimwema saa tisa na nusu, kwa hesabu kwamba tukimaliza kushusha mizigo jua litakuwa limepoa.

Kigari kilitupa heshima mpaka lami ilipoishia. Kwenye mchanga magurudumu yalizama, yakagoma, na mume wangu akakibeba mgongoni kilivyo, huku mwenye kigari akipita juujuu kwenye mbeleko ya mama mdogo, amelala. Mama mmoja alituonea huruma, akakifunika kigari kwa kanga yake ili "mtoto asipigwe na jua akirudishwa humo." Tukamshukuru sana. Alipoondoka tukafunua, maana kigari kilichofunikwa hivyo hewa haipiti, na joto la ndani hulishinda la nje.

Huyo mama alikuwa wa kwanza tu. Mtoto akishakanyaga ufukwe ni wa umma. "Dada, mvalishe soksi, upepo wa bahari huo." Hatua chache mbele: "Dada, mvue, unamchemsha." Muuza madafu akataka anyweshwe dafu, lisafishe tumbo. Muuza mayai ya kuchemsha akasema tumbo la mtoto anayeota meno halitaki dafu kabisa, linataka yai, na yeye kwa bahati nzuri anayo. Kijana wa kukodisha maboya alimpima mwanangu kwa macho, akatoa bei. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na wajukuu zake hakusema lolote. Alisimama, akalikagua tone la wanja kwenye paji la uso wa mtoto, akaridhika, akaendelea na safari yake. Huyo ndiye aliyenipa raha kuliko wote.

Tulikaa chini ya mvinje. Mvinje ni mti mzuri kwa kadi za posta, lakini kivuli chake ni cha chekeche: kila jani ni sindano, na kati ya sindano na sindano jua linakuja kukusalimia. Tena hakitulii. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo alasiri jua likiwa nyuma yako, kivuli hurefuka kuelekea majini. Mume wangu, baba mwenye bidii, alikuwa akivuta mkeka kila baada ya dakika chache ili mtoto asiguswe na jua. Anavuta mkeka, anavuta mifuko, anavuta kigari. Mama mdogo yeye alitandika kanga yake juu kabisa, nyuma ya ule mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji, akaagiza muhogo wa kukaanga na pilipili, akatulia.

Bahari yenyewe mtoto hakuitaka. Baba yake alimshika kwapani, akamteremsha taratibu mpaka wimbi likamlamba vidole, na kilio kilichotoka hapo kiliwageuza waogeleaji. Alipopandishwa bahari ilikuwa imeshamfika kiunoni. Nepi ya kawaida haibagui maji. Ilikunywa Bahari ya Hindi mpaka ikashuka magotini, ikawa inamvuta chini yeye badala ya yeye kuivaa. Ndipo beseni likaheshimika. Tuliteka maji kidogo, tukayaacha yapate uvuguvugu, tukamkalisha humo kivulini, mkono wangu haubanduki mgongoni pake kwa kuwa maji ya sentimita 5 yanatosha kabisa kumzamisha mtoto aliyeangukia uso. Akapigapiga maji, akacheka, akachukua gamba la kombe akalichunguza. Kisha akala mchanga. Nilimtoa kiasi kwa kidole. Kilichobaki nilikutana nacho kesho yake wakati wa kumbadilisha.

Sasa, usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu. Siku za bamvua, maji ya Dar es Salaam hujaa jioni hiihii, kuelekea saa kumi na moja, tena hupanda kiasi cha mita 3 kutoka pale yalipokupwa asubuhi. Kwa hiyo saa ambayo kliniki inaona inamfaa mtoto ndiyo hasa saa ambayo bahari inarudi nyumbani. Kivuli kilikuwa kinaiendea bahari, bahari inakifuata kivuli, na katikati yao mume wangu anavuta mkeka.

Wimbi la kwanza lilichukua kandambili. La pili halikuchagua. Mfuko wa nepi ulijaa papo hapo, kila nepi ikavimba kwa zamu yake mpaka zipu ikapasuka. Mimi nilikuwa nimeshamkwapua mtoto, ambaye safari hii alifurahi mno na kupiga makofi. Kijana wa maboya aliingia majini kuifukuzia chupa ya uji. Kaa wawili walitoka kwenye mashimo yao, wakaangalia, wakarudi.

Mume wangu alipanda hadi kwenye mstari wa mwani, kigari begani, suruali inachuruzika. "Mama," akamwambia mama mdogo, "ulijua?"

"Mkwe wangu, nilikuona unajituma, nikaona nisikukatishe tamaa." Akamsogezea sahani ya muhogo.

Alikula vipande viwili kimya, akiyaangalia maji. Halafu akauliza kama na kesho yatapanda saa ileile.

"Kesho yatachelewa kama dakika 50," alisema mama mdogo, akijilamba pilipili vidoleni. "Ungeweza kuvuta mkeka mara nyingi tu."