Ngeli za Makosa: Uchunguzi wa Matangazo ya Shule na Chekechea

Wanasarufi wa Kiswahili wamekipangia karibu kila kitu duniani mahali pake. Mtu yuko A-WA, kiti kiko KI-VI, mti uko U-I. Kosa nalo lina ngeli yake, LI-YA, lakini hiyo ni kwa kosa kama neno. Makosa yenyewe, yale yanayobandikwa kwenye mageti ya shule, mbao za matangazo na milango ya chekechea, hayajapata wa kuyapanga, ilhali hayo ndiyo maandishi ya Kiswahili ambayo mzazi husoma kila asubuhi, tena kwa lazima. Uchunguzi huu unakusudia kuziba pengo hilo.

Vielelezo vimegawanyika kulingana na makazi yao: bango la rangi ya mafuta, karatasi iliyochapwa stesheneri, na ujumbe wa kundi la WhatsApp la wazazi. Majina ya shule yamefichwa kwa sababu za kimaadili, na pia kwa kuwa mtafiti bado ana mtoto anayesoma.

Ngeli ya kwanza: L-R

Hii ndiyo ngeli kongwe na yenye wakazi wengi. Asili yake haina siri: Kikuyu hakina *l*, Kisukuma hakina *r*, na lugha nyingi za Kibantu hazioni faida ya kuzifuga zote mbili. Ngeli hii ina matawi mawili. Tawi la kwanza ni la makosa yasiyodhuru: *latiba*, *luhusa*, *rikizo*. Macho yanachukia, maana inafika.

Tawi la pili ni hatari, kwa sababu neno linalozaliwa lina maana yake. KILA MWANAFUNZI AJE NA KARAMU MBILI ni agizo zito. Mzazi wa kawaida humudu karamu moja kwa mwaka, nayo kwa michango. MAHARI PA KUEGESHA MAGARI linamwacha dereva akijiuliza ni ng'ombe wangapi. Na pale kamati ya shule inapochaguliwa, hutoka WAZAZI WOTE MFIKE KUPIGA KULA, tangazo ambalo wazazi huwa tayari kulitekeleza jinsi lilivyo, bila kusubiri masahihisho.

Ngeli ya pili: H

Wengi hudai kwamba H hupotea. Si kweli. H haipotei, huhama. Tazama kielelezo hiki kwa makini:

AKUNA KUINGIA BILA KIBALI CHA HOFISI

H iliyoanguka kutoka *hakuna* haikufika chini. Ilidakwa na *ofisi*. Ukihesabu, jumla ya H katika tangazo ni ileile ambayo ingekuwapo kama lingeandikwa sawasawa. Tunapendekeza hali hii iitwe Kanuni ya Uhifadhi wa H, nayo ifundishwe pamoja na ile ya uhifadhi wa nishati.

Kuna wakati H ikihama huacha amri mpya. APA NI SHULE SIYO NJIA humtaka mpita njia ale kiapo kwanza. Na HADA ZA SHULE ZILIPWE MAPEMA limebakiza herufi moja tu kuwa *hadaa*. Baadhi ya wazazi wa shule za binafsi wanaamini kwamba mwandishi alijua alichotaka kusema, ila karatasi ilimwishia.

Ngeli ya tatu: DH-Z na TH-S

Sauti hizi ziliingia Kiswahili kwa wingi pamoja na maneno ya Kiarabu, na wapo wenyeji ambao hawajazikaribisha hadi leo. Ndiyo maana tunapata *tafazali*, *zarura* na *mahuzurio*. Hayo ni ya kawaida. Kinachosisimua ni kosa la kinyume, la mtu aliyewahi kukemewa kwa ajili ya *z* na akaapa kutoirudia maishani. Huyo huandika *dhawadi*, na siku akiwa na ari zaidi, *wadhadhi*.

Kutoka tawi la TH-S tuna TUNATOA ELIMU YENYE SAMANI. Wachunguzi wa haraka watasema palikusudiwa *thamani*. Mtafiti hakubaliani nao moja kwa moja. Shule yenye madawati ya kutosha si jambo dogo, na inayo haki ya kulitangaza.

Ngeli ya nne: nafasi

Hapa hakuna herufi iliyokosewa. Kilichokosewa ni hewa kati ya maneno. Yanayostahili kuachana hushikamana (*kwasababu*, *kwaajili*, *yakwanza*), na yaliyo mwili mmoja hutenganishwa (*asiye lipa*, *isipo kuwa*). Kielelezo bora ni WAZAZI WANAO CHELEWA KUCHUKUA WATOTO WATATOZWA FAINI. Kwa nafasi ile moja, *wanao* limesimama peke yake na kuanza kushuhudia: wazazi hao watoto wanao tayari, na bado wamechelewa kuwachukua. Ni shtaka ambalo mahakama yoyote ingelitupa.

Kwenye mabango ya rangi ngeli hii husababishwa na hesabu. Mchoraji huanza na herufi pana za kujivunia, akafika ukingoni akiwa na SHULE YA AWALI NA MSIN. Herufi zilizobaki huzitafutia hifadhi chini, karibu na namba ya simu.

Ngeli ya tano: vituo

Huu ndio moyo wa uchunguzi. Nukta na mkato ndivyo viungo ambavyo matangazo ya shule huvibania kuliko vyote, na gharama yake huonekana pale tangazo linapokutana na sahihi ya anayelitoa. USIKOJOE HAPA MKUU WA SHULE. Aliyeandika alikuwa na ujumbe, kisha cheo chake. Msomaji anakuta onyo kwa mtu mmoja tu, tena wa heshima. Nukta moja ingetosha kumwondoa mkuu katika tuhuma.

Mkato nao una kesi yake. Chekechea moja inajinadi hivi:

CHAKULA KIPO VITANDA VIPO CHOONI MAJI YA UHAKIKA

Mwenye chekechea amejenga sentensi tatu safi: chakula kipo, vitanda vipo, chooni maji ya uhakika. Lakini mzazi anayesoma huku amembeba mtoto huvuta pumzi anapoweza, na anachokisikia ni kwamba vitanda vipo chooni. Atauliza kama godoro linalowa. Tangazo zima limeangushwa na alama ambayo haizidi ncha ya brashi.

Kuhusu alama za mtajo, hapa kuna ukarimu uliopita kiasi. *Tuna walimu “wenye ujuzi”, mazingira “salama” na chakula “safi”.* Mwandishi alitaka kutia mkazo. Msomaji anaona kejeli, na anaanza kumwonea huruma mpishi.

Ritifaa, ambayo kazi yake kubwa katika Kiswahili ni kuitenga *ng'* ya *ng'ombe* na *ng* ya *ngoma*, haina makazi ya kudumu. Tunakuta *ngombe*, *n'gombe* na *ngo'mbe*, na mara nyingi mnyama mwenyewe anaendelea kula maua yaliyoandikiwa USINGOE.

Mwisho ni alama ya mshangao, ambayo haikosewi bali hupandishwa. Mwezi Januari tunasoma ADA! Machi inakuwa ADA!!! Kufikia mitihani, alama hizo hujaza mstari mzima. Kwa hiyo inawezekana kukadiria deni la shule bila kufungua daftari la mhasibu.

Ngeli ya sita: simu

Hii ni ngeli changa, inayoishi katika makundi ya WhatsApp. Chanzo chake ni simu iliyowekewa Kiingereza na kupewa mamlaka ya kusahihisha. Mwalimu wa darasa anaandika *kila*, simu inamwona amekosea, na wazazi wanapokea usiku: KILL MTOTO AJE NA CHUPA YA MAJI. Mwalimu husahihisha kwa nyota, lakini nyota hufika baada ya maswali.

Tofauti za kimaeneo

Mipaka ya nchi nayo ina mchango wake. Upande wa Kenya, *kukua* limechukua kazi za *kuwa*, na tangazo husema MZAZI AKUE SHULENI SAA MBILI KAMILI. Kwa kuwa wapo wazazi wanaohitaji agizo hilo hasa, mtafiti hakuliandika katika orodha ya makosa.

Mjadala

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, ikahangaika na tahajia. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, BAKITA, liliundwa mwaka 1967. Kazi yote hiyo imefika vitabuni na madarasani, getini haijapita.

Wapo wanaosema sababu ni elimu ndogo ya waandishi. Ushahidi unawakanusha. Katika vielelezo vyote herufi zilihama, nafasi zikapotea, hata saa zikayumba, kiasi kwamba mkutano wa “saa 8:00” huleta wazazi wengine asubuhi na wengine baada ya chakula cha mchana. Lakini kiasi cha ada hakijakosewa. Namba ya akaunti ya benki haijarukwa tarakimu. Sifuri zote zipo, na koma inayogawa maelfu, ileile iliyokosekana kati ya vitanda na choo, imekaa mahali pake.

Maana yake ni kwamba uangalifu upo. Tarakimu zilisomwa mara mbili, mhasibu akaitwa athibitishe. Maneno hayakuitiwa mtu.

Na hapo mzaha unaisha. Ndani ya geti hilohilo, mtoto wa darasa la tatu akiandika *karamu* badala ya *kalamu* kwenye imla, hukoseshwa kwa wino mwekundu. Akitoka nje analikuta neno lilelile ukutani, limeandikwa na wakubwa wake, wala hakuna aliyelikosesha. Mtoto ataamini ukuta, kwa sababu ukuta haufutwi.

Mapendekezo

Tangazo lisomwe kwa sauti kabla ya kutolewa kopi. Pumzi ikikatika, hapo ndipo penye mkato. Mchoraji apewe maneno yaliyoandikwa, asiimbiwe dirishani. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye kila shule inaye, apewe karatasi hiyo dakika tano kabla ya mhasibu, au hata baada yake. Nawe mzazi ukiliona kosa, usilipige picha ukalisambaza kwa kicheko. Mwendee mwalimu mkuu, umweleze kwa heshima na faragha. Na kwa usalama wako, nenda ukiwa umeshalipa ada.