Darasa la Macho Makavu

Bingwa wa Uonaji Nyikani, Afrika Mashariki na Kati, alipanda juu ya kreti la soda akakohoa mara mbili ili ndege wanyamaze. Cheo hicho alijitunuku mwenyewe, na mpinzani hajatokea.

"Enyi wazazi! Mtoto wa leo hukanyaga kizibo cha chupa akadhani ni kokoto!" Dawa, alisema, ameibuni yeye. Kwa bahati ya ajabu inafanana sana na mchezo ulioelezwa na Mmarekani Joseph Cornell katika kitabu chake cha mwaka 1979, lakini Bingwa hapendi kuchafua hotuba zake kwa majina ya watu.

Mchezo ni huu. Kwenye kipande kifupi cha njia hutegwa vitu kumi na ushei vilivyotengenezwa na binadamu. Vingine vinang'aa, vingine vimefanana na mahali vilipo: puto jekundu, msumari wenye kutu, kibanio cha mbao kwenye tawi kavu. Watoto hupita mmojammoja, kimya, wakihesabu bila kuokota, kisha humnong'oneza kiongozi idadi. Asiyevimaliza hurudia. Baadaye huzungumza kwa nini kinyonga hapati shida kujificha, na kwa nini kibanio ndicho kilichowasumbua.

Bingwa aliichagua Olorgesailie, kando ya barabara ya Magadi nchini Kenya, ambako wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walifanya uchimbaji miaka ya 1940. Alitega vitu 12.

Msichana mmoja akanong'ona: 13.

"Rudia," akaagizwa. Akarudia. 13.

Akaonyesha jiwe lenye umbo la tone, lililochongoka upande mmoja. Bingwa akafafanua, kwa dakika nyingi, kwamba mto ndio uliolisanifu. Msichana akauliza mbona makovu ya kubanduliwa yapo pande zote mbili, na yamepangana hadi kufanya ukingo mkali. Jiwe linalobingirika mtoni humeguka ovyoovyo. Hili lilikuwa limegongwa kwa mpango. Lilikuwa shoka la mkono, la aina iliyotengenezwa hapo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya binadamu wa sasa kutokea. Watoto walilitazama wakaliacha palepale, kwa kuwa masalio hayo yanalindwa na sheria.

Bingwa alitafakari, akarekebisha tai, akatangaza matokeo rasmi: vitu vilikuwa 13 tangu mwanzo, ila hicho kimoja alikuwa amekitega mapema mno.